Shajara ya Saa Nne: Vitafunio Vidogo vya Kopo la Shule

Januari, wiki ya kufungua shule

Mradi ni huu: vitafunio vya tonge moja au mawili, vya kushika kwa mkono, ambavyo mtoto akifungua kopo lake saa nne bado vitakuwa vinalika. Nasisitiza saa nne. Kikitoka jikoni saa kumi na mbili asubuhi kila kitu ni kitamu, na mpishi anayeonja palepale jikoni anajidanganya. Mtoto haonji hapo. Kitafunio chake kimefungiwa, kimebanwa na madaftari, kimetikiswa kwenye basi la shule, kisha kimewekwa chini ya dawati kungoja kengele. Kwa hiyo ninachopika kitaonjwa kikiwa kimepoa kabisa, wakati uleule wanapokula wao, kutoka kwenye kopo la ziada ninalolifunga na kuliacha juu ya meza nyumbani.

Walaji ni watatu: mkubwa wangu wa darasa la tatu, mdogo wake wa chekechea, na mtoto wa jirani ambaye mama yake hutoka alfajiri kuwahi zamu. Mkubwa anakula chochote mradi kiwe na chumvi. Mdogo anachunguza kila kitu kama afisa forodha. Wa jirani ni mpole mno, atakula hata asichokipenda, kwa hiyo maoni yake siyategemei.

Kipimo ni kinachorudi kwenye kopo. Ukimuuliza mtoto "ilikuwa nzuri?" atakuambia ndiyo ili aende zake kucheza. Kopo halina adabu hiyo.

Masharti mengine niliyojiwekea: hakuna kukaanga kwa mafuta ya kuzamisha asubuhi, hakuna sukari ya kila siku, na kila kinachohitajika kipatikane gengeni au soko la karibu. Mapishi yanayotaka jibini ya aina tatu nimeyaacha kwa wenye nayo.

Chombo

Nimenunua chuma cha vitumbua Kariakoo, cha matundu saba, cha kusubu. Vipo vya alumini vyepesi na vipo vilivyopakwa rangi nyeusi isiyogandisha, lakini chuma kizito kikishapata moto hakiupotezi kwa urahisi, hata ukimimina rojo la baridi. Kabla ya matumizi kinapikwa chenyewe: unakiosha, unakikausha motoni, unakipaka mafuta kidogo, unakiacha kifuke moshi, unapangusa, unarudia. Kikishakuwa cheusi kinachong'aa, kitumbua kinageuka kwa kijiti bila kubembelezwa.

Wazo langu ni kwamba chuma hiki hakikuumbwa kwa ajili ya mchele na sukari peke yake. Kina umbo ambalo mkono wa mtoto unalijua, kinakula kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa kila tundu au pungufu, na chochote kinachoweza kuwa rojo zito kinaweza kuingia humo.

Jambo moja kuhusu jiko la gesi. Moto wake unapiga katikati, kwa hiyo tundu la kati linaungua wakati ya pembeni hayajashika rangi. Naanza kumimina pembeni, la kati namalizia, halafu nazungusha chuma robo duara kila baada ya dakika moja hivi. Kwenye mkaa uliotandazwa vizuri shida hiyo haipo.

Januari, bado

Vitumbua vya chumvi. Mchele vikombe viwili umelowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa kikombe kimoja cha tui zito, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kidogo ya kuiamsha hamira, chumvi nusu kijiko cha chai. Rojo lilipoumuka nikatia karoti iliyoparuzwa, vitunguu majani na yai moja. Vilipotoka motoni vilikuwa kingo zimekauka, ndani laini, harufu ya tui imejaa nyumba nzima.

Saa nne: vigumu. Havikuwa vibaya, lakini ukikitafuna unasikia ukakasi, kama cha jana. Makopo mawili yamerudi na nusu yake.

Sababu inajulikana. Wanga wa mchele ukiiva hufyonza maji na kulainika; ukipoa, nyuzi zake hujipanga upya, hukaza na kuyasukuma maji nje. Ndiyo maana wali wa jana ni mgumu hadi uupashe moto, ukakumbuka ulaini wake. Friji inaharakisha kazi hiyo, haiizuii. Mkate nao ni vilevile: ndani ya friji unakauka upesi kuliko kabatini.

Nikampigia mama Tanga. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamweleza. Hakuniacha nimalize.

"Umetia wali?"

"Wali gani, mama?"

"Wali, mwanangu. Konzi moja ya wali uliopikwa, usage pamoja na mchele wako. Na tui lako usilipime kwa woga."

Nimetia. Wali uliokwisha kuiva unashika maji ambayo mchele mbichi haushiki, na mafuta ya tui yanaupunguzia wanga nafasi ya kukaza. Nimeongeza pia kipande cha ndizi mbivu iliyopondwa, isiyotosha kuonjeka. Saa nne vilikuwa laini. Si laini ya moto, ila laini. Kilichorudi ni punje za karoti za mdogo, zimetolewa moja moja na kupangwa kwenye mfuniko.

Ratiba ya alfajiri imeshapatikana: nasaga jioni, rojo linalala kwenye friji likiumuka polepole, natoa saa kumi na moja likae nje wakati chuma kinapata moto. Vikiiva navitandaza kwenye ungo mpaka vipoe kabisa ndipo vifungwe. Ukifunga kitu cha moto kwenye kopo la plastiki kinatoka jasho, na hilo jasho ndilo linalogeuza vitafunio vizuri kuwa uji.

Februari, bagia

Hiki ndicho chakula cha saa nne hasa, nami sijui kwa nini sikuanzia hapa. Kunde zimelowekwa usiku, zikasuguliwa kutoa maganda, zikasagwa kwa maji kidogo sana. Kisha rojo linapigwa kwa mwiko upande mmoja mpaka libadilike rangi liwe jeupe na jepesi. Ukidondosha tone kwenye glasi ya maji likaelea, tayari. Hewa hiyo ndiyo hamira yake. Hakuna kingine cha kuumua. Kitunguu kilichokatwa ndogondogo, majani ya giligilani, chumvi, pilipili hoho. Bagia za barabarani huzama kwenye mafuta. Zangu ziliingia kwenye chuma na mafuta kiduchu, zikatoka duara, kahawia juu na chini, tumbo limeumuka.

Zikipoa haziwi ngumu kama mchele. Hakuna kopo lililorudi na kitu. Mkubwa ameripoti kwamba amebadilisha bagia mbili kwa pakiti ya krispi za muhogo, na jinsi anavyosimulia, mwenzake ndiye aliyeibiwa.

Kunde zina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shingo upande. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huohuo hali hubadilika, kwa hiyo siku ya bagia kopo lina vipande vya chungwa au embe. Chai ya rangi inafanya kinyume, nayo nimeiondoa asubuhi ya siku hizo. Mkubwa amelalamika.

Februari, viazi lishe

Hivi ni vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis. Wale watatu wa mwanzo kwa kazi yao juu ya viazi hivi barani Afrika, na Mwanga ni Mganda. Watafiti wa viazi wanasema gramu 125 za aina nyingi za viazi hivi zinatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku. Hicho ni kiazi kimoja kidogo. Vinahitaji mafuta kidogo ili rangi hiyo ifanye kazi mwilini, na chuma changu tayari kina mafuta.

Navipika kwa mvuke na maganda yake. Ukivichemsha vimemenywa vinakunywa maji na unga unaotaka kuvishika unakuwa mwingi kuliko kiazi. Vinapondwa vingali moto, vinapoa, kisha yai, unga wa ngano wa kushikia tu, mdalasini au iliki, chumvi chembe. Sukari sijatia hata kidogo, kiazi kinajitosheleza.

Mdogo amevila vyote. Ameniuliza kama ni keki. Nikamwambia ni kiazi, akanitazama kwa muda, akaendelea kutafuna.

Kuhusu maumbo

Watu wananishauri nikate vitu kwa umbo la nyota na wanyama. Nimejaribu kwa chapati na tikiti. Umbo la sungura lilizua kelele za furaha mezani, masikio yakaliwa, sungura akabaki. Maoni yangu: maumbo ni ya kupigia picha. Kinachowashika watoto ni kuchovya. Ukiweka kifuniko kidogo cha chatne ya ukwaju, au mtindi uliochanganywa na tango lililoparuzwa na chumvi, kitu kilekile kilichokataliwa juzi kinaliwa leo, kwa sababu sasa ni mchezo. Ukwaju unasafiri vizuri. Mtindi ni wa nyumbani tu.

Na jambo la pili ni kuwashirikisha. Mdogo anasugua maganda ya kunde, kazi chafu yenye maji mengi, akimaliza shati limelowa hadi kitovuni. Siku hiyo anakula bagia kwa mamlaka ya mwenye mali.

Ukubwa

Naandika hili kwa mkazo kwa sababu "vidogo" si lazima iwe salama. Kinachomkaba mtoto ni kitu cha duara, kigumu au kinachoteleza, chenye upana wa koo lake. Kwa walio chini ya miaka mitano karanga nzima hazipo kabisa kwenye kopo, karanga zinasagwa. Zabibu za Dodoma, zikifika sokoni zikiwa tamu vile, nakata kwa urefu vipande vinne. Soseji hivyohivyo, kwa urefu, si vile vigurudumu tunavyovipenda. Bisi kwa mkubwa tu. Vijiti vya mishkaki vyenye ncha nimebadilisha na vijiti bapa vya aiskrimu, hata kwa matunda.

Kitumbua cha chuma changu ni matonge mawili kwa mdogo, na kwa kuwa ni laini anakiuma mwenyewe. Hicho ndicho kipimo ninachokifuata: kiumike.

Februari, mwishoni: samaki

Katlesi ndogo za jodari na viazi mbatata. Nimechagua jodari kwa sababu miiba yake ni mikubwa, inaonekana na inatoka. Samaki amechemshwa kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akachambuliwa, akachanganywa na viazi vilivyopondwa vikavu, majani ya giligilani na pilipili manga. Nimezichovya kwenye yai, nikazipanga kwenye chuma moja kila tundu. Jioni ile tulikula mpaka nikaficha zangu.

Lakini haziendi shuleni. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kutoka jikoni kwangu hadi kengele ni zaidi ya hapo, na joto la Dar es Salaam la Februari halihitaji maelezo. Nyama, samaki na mayai ya kuchemsha nimevihamishia mlo wa jioni.

Kwa vinavyobaki, nimepata njia ninayoiamini: chupa ndogo ya maji inagandishwa usiku, inafungwa kwa kitambaa, inalazwa ndani ya mfuko ubavuni mwa kopo. Chakula kinakaa baridi, na saa nne maji yameyeyuka kiasi cha kunyweka. Ndiyo, ubaridi unakaza wanga, nimeshasema. Kati ya kitumbua kilichokaza kidogo na tumbo la kuendesha nachagua kitumbua. Vile vyenye yai na tui sasa vinasafiri na barafu kila mara. Hotpoti ni jibu jingine, ila hotpoti inayotunza moto wa kweli ni nzito kuliko begi la chekechea, na nyepesi zinatunza uvuguvugu, ambao ndio wenyewe unaopendwa na vijidudu.

Ramadhani

Mkubwa amefunga nusu siku, yaani hadi adhuhuri, na anadai heshima kamili. Kazi ya kopo imepungua, kazi ya futari imeongezeka, nami nimeingia kwenye kaimati.

Kaimati ni kitafunio cha tonge moja kuliko vyote, na ni shira tupu. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Mtoto wa kalori 1,400 kwa siku, hiyo asilimia 10 ni gramu 35, vijiko vya chai vinane au tisa. Soda moja ya mililita 330 kwa kawaida inamaliza zote. Kwa hiyo sikuondoa kaimati, ningeanzia wapi kwa mama yangu? Nilibadilisha shira: nyepesi, yenye iliki na ndimu, inanyunyizwa juu badala ya kuzamishwa. Kaimati iliyonyunyizwa ina faida ambayo sikuitegemea, ganda lake linabaki na mlio. Watoto hawakulalamika. Mgeni mmoja mtu mzima alilalamika.

Barafu za ubuyu pia: unga mweupe wa ubuyu, maziwa, asali kidogo, kwenye vibati vya barafu na kijiti katikati. Asali ni kwa hawa wakubwa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi kabisa, kwa hofu ya sumu ya botulizimu.

Aprili, mvua

Masika imeanza, genge limepwaya, embe zimekwisha. Chapati.

Chapati nzima kwenye kopo ni ngozi. Chapati iliyopakwa siagi ya karanga, ikaviringishwa na kukatwa vipande vya upana wa vidole viwili, ni kitu kingine, mafuta ya karanga yanaizuia isikauke. Nimejaribu kuweka ndizi ndani, ikageuka nyeusi kufika saa nne. Ndimu inachelewesha weusi huo lakini ladha inagongana na karanga, kwa hiyo ndizi inakwenda nzima na ganda lake, kifungashio ambacho hakuna kiwanda kimekishinda. Kampala wana roleksi, chapati yenye mayai na nyanya ndani. Kwetu imekuwa chakula cha Jumamosi, imekatwa vigurudumu, yai limeiva kabisa.

Mchicha. Hapa natofautiana na wanaouficha. Ukificha mchicha ndani ya kitumbua mtoto akaugundua, umepoteza mchicha na kitumbua. Mimi naukata kama nyuzi, naukamua maji, naacha uonekane, na kimoja tu kati ya vinne ndicho chenye kijani. Wataalamu wa ulaji wa watoto wanasema chakula kigeni huweza kuhitaji kuletwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali, na wazazi wengi tunaacha tukiwa bado mbali. Kwa sasa mdogo anakiuma, anakirudisha kikiwa na alama ya meno. Hayo nayaita maendeleo.

Chumvi nimepunguza kimyakimya, na vile vidonge vya kuungia mchuzi nimeviondoa kwenye rojo zote. Kitunguu kilichokaangwa kidogo kabla ya kutiwa kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mei, hali ilivyo

Vilivyofuzu saa nne: bagia za kunde, vitumbua vya chumvi vyenye wali, viazi lishe, chapati ya karanga. Vilivyobaki vya nyumbani: katlesi, roleksi, chochote chenye mtindi. Kilichofutwa: donati. Zinatengenezwa vizuri mtaani, sina la kuongeza.

Machungwa ya Muheza yameanza kuingia, kwa hiyo bagia zimepata mwenzake. Mama wa jirani ameomba afundishwe rojo la kunde, maana zamu yake imehamia mchana na asubuhi sasa anayo. Tumekubaliana yeye Jumanne na Alhamisi, mimi siku zilizobaki, na chuma kinapita juu ya ukuta. Usiku huu nimeloweka mbaazi badala ya kunde. Maganda yake yanatoka kwa shida zaidi, na mdogo ameshauliza kama kesho anaruhusiwa kuvua shati kabisa.